Waini nyekundu ya chini ya elfu mbili: jinsi ya kuionja na kuipima

Rafu za waini katika supamaketi kubwa za Nairobi zimejaa chupa za Afrika Kusini. Pembeni utakuta za Chile, Uhispania, Italia na Ufaransa, na ukibahatika, Leleshwa ya kwetu kutoka Naivasha. Kati ya shilingi 1,000 na 2,000 kuna chupa za kumchanganya mtu yeyote. Zote zina mchoro wa jumba la zamani au wa farasi, na maelezo ya nyuma ni sifa tupu, utadhani yameandikwa na mtu mmoja. Mwongozo huu ni wa anayetaka kujua, akishafungua chupa, kama pesa yake ilienda kwenye zabibu au kwenye lebo.

Msimamo wangu nautoa mapema. Waini ya bei hii haihitaji mtu wa kuitajia matunda kumi na mawili. Inahitaji mtu wa kuuliza maswali mawili. Je, sukari, ugwadu, ukakasi na pombe vimepatana, au kuna kimoja kinachofunika vingine? Na ukishameza, ladha inabaki au inakatika papo hapo? Waini ya shilingi 1,300 inaweza kuyajibu vizuri yote mawili, na ya 4,000 ikashindwa.

Hatua ya 1: Dukani

Anza na bei yenyewe. Ndani ya shilingi 1,000 mna ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16, nauli ya meli hadi Mombasa, usafiri wa kupandisha mzigo Nairobi, chupa, kizibo na faida ya kila mkono uliopitisha mzigo. Mengi kati ya hayo hayabadiliki sana, iwe ndani mna waini nzuri au ya hovyo. Kwa hiyo shilingi 300 ukiziongeza juu ya chupa ya 1,000 huleta tofauti kubwa kuliko ukiziongeza juu ya chupa ya 3,000, kwa sababu sehemu kubwa ya nyongeza hiyo inafika kwenye zabibu. Mimi nikitaka kununua kwa uangalifu, natafuta kati ya 1,300 na 1,800.

Kisha tafuta sukari. Chupa nyingi zinazouzika sana mjini ni tamu, na lebo huwa inasema hivyo kwa maneno kama "Natural Sweet". Kwa sheria za Afrika Kusini, waini kavu kwa kawaida haizidishi gramu 5 za sukari kwa lita, na zile tamu huwa na mara kadhaa ya hiyo. Sina ugomvi na waini tamu, kila mtu na kinywa chake. Ila sukari hufunika mambo: zabibu mbichi, pombe kali, hata harufu isiyo sawa, vyote hujificha chini yake. Kama lengo ni kujifunza kupima, anza na kavu. Na usiweke tamu na kavu meza moja ukazishindanisha, maana tamu itashinda kwenye mkupuo wa kwanza hata kama haina kingine cha kutoa.

Tazama mwaka. Afrika Kusini na Chile huvuna kati ya Februari na Aprili, Ufaransa na Uhispania huvuna Septemba na Oktoba, hivyo chupa mbili zenye mwaka mmoja zinaweza kupishana nusu mwaka kwa umri. Waini za bei hii hutengenezwa zinywewe zikiwa changa. Ukiona chupa ya shilingi 1,200 yenye umri wa miaka saba, usidhani umeokota dhahabu. Imekawia kununuliwa tu.

Tazama pia inakotoka. "Western Cape" ni eneo kubwa mno, zabibu zinaweza kuwa zimekusanywa kutoka mashamba yaliyo mbalimbali sana. Lebo inayotaja Stellenbosch, Swartland au Paarl inajifunga zaidi. Afrika Kusini ilianza mpango wake wa kuthibitisha asili ya waini mwaka 1973, na chupa ikitaja aina moja ya zabibu, angalau asilimia 85 lazima iwe ya aina hiyo. Neno "Reserve" lisikutikise. Uhispania lina uzito wa kisheria: Reserva nyekundu hukaa miaka 3 kabla ya kuuzwa, mwaka mmoja kati ya hiyo ndani ya pipa. Katika nchi nyingine nyingi ni pambo tu. Vivyo hivyo chupa nzito yenye kitako kilichobonyea na maandishi ya dhahabu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kifuniko cha kusokota nacho si ishara ya uduni, kwa waini changa ni kinga nzuri kuliko kizibo cha bei rahisi.

Mambo ya haraka kabla hujalipa: chupa isiwe ilisimama dirishani ikipigwa na jua, wala juu ya rafu inayokaribia mabati. Kizibo kisiwe kimejitokeza juu ya shingo. Stika ya KRA, mamlaka ya kodi, iwepo, na kama duka hulijui, ihakiki kwa programu ya Soma Label kwenye simu. Kwenye maduka ya mtaani ukimuuliza muuzaji, "Boss, hii iko aje?" utaambiwa, "Hiyo iko sawa, inatembea sana." Jibu hilo halikusaidii. Muulize, "Hii ni kavu ama tamu? Na hizi ziliingia lini?" Duka ambalo mzigo haukai ndilo la kununulia.

Hatua ya 2: Zoezi la vikombe vitatu

Wengi hushindwa kupima waini kwa sababu mambo manne yanawafikia kinywani kwa mpigo mmoja, na wanayaita yote "ukali". Yatenganishe kwanza, jikoni kwako, bila kufungua chupa.

Kikombe cha kwanza, maji yenye limau lililokamuliwa. Kunywa kidogo, meza, halafu inamisha kichwa kidogo na ungoje. Mate yatakujia pande mbili za taya, chini ya ulimi. Huo ndio ugwadu. Usiupime kwa jinsi unavyokunja uso, upime kwa wingi wa mate yanayofuata.

Kikombe cha pili, strungi iliyokolea. Weka majani ya chai vijiko viwili katika kikombe kimoja, mwaga maji yanayochemka, acha dakika kumi, usitie sukari wala maziwa. Ikipoa, sukutua. Ulimi utakauka, ufizi utakuwa kama umepakwa chaki, na midomo itagoma kuteleza juu ya meno. Huo ni ukakasi, unaoletwa na tanini, ambazo ziko kwenye majani ya chai na vilevile kwenye maganda na mbegu za zabibu. Tanini hushikamana na protini za mate, na mate yakipoteza utelezi wake unahisi ukavu. Waini nyekundu huwa na ukakasi kuliko nyeupe kwa sababu hiyo: juisi yake huchachushwa pamoja na maganda.

Kikombe cha tatu ni strungi ileile uliyoitia sukari. Onja uone jinsi ukakasi unavyojificha, ingawa tanini ziko palepale. Sasa unajua sukari inafanya kazi gani ndani ya chupa tamu.

Zoezi hili ni la dakika ishirini tu, na linafundisha zaidi ya chupa kadhaa zilizonywewa kwa mazungumzo.

Hatua ya 3: Kuandaa meza

Glasi iwe na mdomo mwembamba kuliko tumbo, iwe angavu, isiwe na harufu ya sabuni wala ya kabati. Kamukunji wanauza vyombo kwa jumla na huna haja ya glasi ya bei. Mimina kidogo, mililita 50 au karibu na hapo, ili uweze kuzungusha bila kumwaga. Weka maji, karatasi nyeupe, kikombe cha kutemea, na kipande cha ugali usio na chumvi. Ugali husafisha kinywa vizuri kuliko biskuti, kwa sababu hauna mafuta wala chumvi ya kubadilisha ladha. Usijipulizie manukato, na kama udi unafuka nyumbani, onja siku nyingine.

Joto linahitaji uangalifu. Ule usemi kwamba waini nyekundu inywewe kwa joto la chumba ulizaliwa Ulaya, katika nyumba za baridi. Unachotaka ni nyuzi 16 hadi 18. Julai, usiku wa Nairobi, chupa iliyokaa sakafuni huwa karibu iko tayari. Februari mchana, nyumba ikiwa imefika nyuzi 26, pombe itakupanda puani na waini nzuri itaonekana legelege. Itie frijini nusu saa hadi dakika 45 kisha uitoe. Usiipitilize. Baridi kali huzima harufu na kuzidisha ukakasi.

Hatua ya 4: Kutazama

Usikawie hapa. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Ukingo wa zambarau au waridi unasema waini ni changa. Ukingo wa rangi ya matofali au kahawia unasema imezeeka au imeingia hewa, na kwa chupa ya mwaka jana hilo ni onyo. Rangi hafifu si kasoro, hutegemea aina ya zabibu: Pinot Noir kwa asili ni nyepesi, Shiraz ni nzito. Machirizi yanayoteremka ndani ya glasi yanahusu pombe na sukari, hayahusu ubora. Vijichembe vinavyometameta kwenye kizibo au chini ya chupa ni chumvi za asidi ya zabibu na havina madhara.

Hatua ya 5: Kunusa

Nusa kabla ya kuzungusha, kisha zungusha na unuse tena. Swali la kwanza si "nanusa tunda gani?" Uliza: je, ni nzima?

Harufu ya kadibodi iliyolowa au gazeti lililokaa kwenye unyevu ni ya kizibo kilichoharibika. Haiishi ukiiacha, na matunda yote hupotea nyuma yake. Chukua risiti uirudishe dukani, hata kama muuzaji atakuangalia kwa mshangao. Harufu ya siki au ya rangi ya kucha ikiwa kali, waini imeshambuliwa na bakteria. Ya jamu iliyoungua na zabibu kavu kwenye chupa changa, pengine ilipikwa na joto njiani au dukani. Kiberiti kilichowashwa ni jambo dogo kuliko yote hayo, mara nyingi hutoweka ukiizungusha dakika chache. Ikinukia zizi la farasi, ni aina fulani ya hamira. Ikiwa kidogo wapo wanaoipenda. Mimi siipendi.

Ikiwa nzima, tafuta tunda, lakini tumia matunda unayoyajua. Maelezo ya lebo yanataja beri ambazo wengi wetu hatujawahi kuzitia mdomoni, na ukizitaja utakuwa unaiga tu. Tuna zambarau, forosadi, plamu za Limuru, ukwaju, komamanga. Tuna viungo vya pilau, na hapo mnusaji wa huku ana faida kubwa: pilipili manga hutokea kweli kwenye Shiraz, na kemikali inayoileta ndiyo ileile iliyo kwenye pilipili manga yenyewe. Pilipili hoho mbichi hutokea kwenye Cabernet Sauvignon na Carmenère, hasa zabibu zikivunwa kabla hazijaiva sawasawa.

Vanila, karafuu, moshi na kahawa kwa kawaida hutoka kwenye mti wa mwaloni. Pipa la mwaloni la kawaida, la lita 225, hujaza chupa 300 na likiwa jipya ni ghali mno, kwa hiyo kwa bei tunayozungumzia mara nyingi ladha hiyo hutokana na vipande vya mwaloni vilivyoloweshwa ndani ya tangi. Si udanganyifu. Kosa ni pale vanila inapoelea juu na ukitafuta tunda chini yake hulioni.

Hatua ya 6: Kuonja

Mkupuo wa kwanza ni wa kuosha kinywa, usiuhukumu. Wa pili, chukua kiasi cha kijiko cha chakula, kisukutue kifike ufizi wa juu na wa chini, kisha fungua midomo kidogo uvute hewa ndani. Sauti yake si ya heshima mezani, lakini hewa hiyo hupeleka harufu puani kupitia nyuma ya koo, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu. Tema au meza. Ukionja chupa kadhaa, tema, na ukiwa na gari, tema zote au liache nyumbani. Hakuna haja ya kukutana na alcoblow, kile kipimo cha pombe cha polisi, ukieleza kwamba ulikuwa unafanya zoezi.

Sasa pima kimoja kimoja, ukikumbuka vikombe vyako. Sukari huja mwanzo kabisa. Usiichanganye na tunda lililoiva: waini kavu inaweza kunukia tamu, lakini ukiziba pua utamu huo unapotea, wakati sukari ya kweli inabaki ulimini. Ugwadu, ngoja mate ya tayani. Yasipokuja kabisa, waini itakuwa bapa, ya kuchosha kwenye glasi ya pili. Ukakasi, pitisha ulimi juu ya ufizi. Hapa usiulize tu ni mwingi kiasi gani, uliza ni wa namna gani. Tanini zilizoiva hukausha kwa ulaini na kuachia. Tanini mbichi hukwaruza, na hufuatwa na uchungu nyuma ya ulimi, sawa na ganda la ndizi mbichi. Pombe, sikiliza koo. Asilimia 14 iliyokaa vizuri utaihisi kama uzito tu, ila 13 isiyo na tunda la kuibeba itachoma.

Halafu nyamaza, uhesabu. Ladha ya tunda, si ukavu wala uchungu, inabaki sekunde ngapi? Ikikatika kabla ya tano, ni waini ya kunywa ukizungumza na hakuna ubaya. Ikifika kumi, kwa bei hii umepata thamani. Ikipita kumi na tano, rudi dukani kesho uchukue mbili.

Nikupe mfano wa maandishi yangu kwa Pinotage moja ya shilingi 1,450. Pinotage ni zabibu iliyozalishwa Stellenbosch mwaka 1925 na Abraham Perold, kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut, na ni rahisi kuharibika mikononi mwa mtengenezaji mzembe. Niliandika: "Kavu. Puani zambarau, kahawa iliyokaangwa, moshi kidogo. Mate yanakuja, ya kutosha. Ukakasi wa wastani, unashika ufizi wa juu tu, haukwaruzi. Koo shwari. Kahawa inabaki, tunda linaondoka mapema, kama sekunde saba. Mwaloni umezidi, lakini kwa nyama itafaa." Hayo yanatosha. Mtu akiyasoma anajua anunue au aache, na mimi nikiyasoma baada ya miezi najua nilikunywa nini.

Hatua ya 7: Pamoja na chakula

Onja kwanza bila chakula, kisha na chakula, na uandike mara zote mbili, kwa sababu ni kama unapima waini mbili. Nyama choma ya mbuzi yenye chumvi hulainisha ukakasi. Chupa uliyoiona ngumu inaweza kufunguka hapo. Limau la kwenye kachumbari hupunguza ugwadu unaousikia kwenye waini, kwa hiyo chupa iliyokuwa bapa peke yake itazidi kulala. Pilipili huwasha pombe na kufanya tanini ziwe kali, na hapo waini nyepesi yenye utamu kidogo huishinda Cabernet nzito. Anayekunywa tamu na mutura yenye pilipili hajakosea hata kidogo.

Hatua ya 8: Funika chupa

Ukiwa na marafiki, kila mmoja alete chupa moja, kiwango cha bei kiwe kimoja, na mtu mmoja azivike gazeti na kuzipa namba kabla wengine hawajaingia sebuleni. Macho hudanganya kuliko tunavyokubali. Katika utafiti maarufu uliochapishwa mwaka 2001, watafiti wa Bordeaux waliwapa wanafunzi 54 wa masuala ya waini glasi ya waini nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wanafunzi hao waliieleza kwa maneno ya waini nyekundu. Kama rangi pekee inaweza hayo, fikiria lebo na bei zinafanya nini. Kila mtu aandike kimyakimya kabla ya kusema, maana yule mwenye sauti kubwa akishasema "hii ni ya ghali", mezani hakuna tena anayeonja.

Hatua ya 9: Kesho yake

Acha theluthi moja ya chupa, ifunge vizuri, iweke frijini, uonje tena kesho jioni baada ya kuitoa ipate joto kidogo. Waini iliyotengenezwa vizuri mara nyingi hubaki imara, na nyingine hulainika zikawa bora kuliko jana. Iliyokuwa ikitegemea vanila na sukari huanguka: harufu inaondoka, unabaki na pombe na kitu kama maji ya sukari. Kwa chupa za bei hii hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na ndicho kinachoamua kama jina la chupa linaingia kwenye orodha yangu ya kununua tena. Baada ya siku tatu hivi usiendelee kuihukumu, itie kwenye mchuzi wa nyama ya ng'ombe mapema, kitunguu kikishakauka na kabla hujaweka nyanya, uiache ichemke mpaka ile harufu kali ya pombe iishe.